Kiti cha konseye, kiti cha kamati au mkeka wa shefu: mama ashike kipi?

Mama mdogo wangu anakaa pembeni mwa Lubumbashi, huku Kongo-Kinshasa, upande wa barabara ya Kipushi, pale ambapo huwezi kujua kama umeshafika kijijini au bado hujatoka mjini. Anauza makala, yaani mkaa wa kupikia, na unga wa bukari, ugali wetu. Mwaka huu, ndani ya majuma mawili, ameletewa maneno matatu. Chama kimoja cha siasa kimemtuma kijana kuchukua jina lake kwa ajili ya orodha ya makonseye, yaani madiwani wa komini, katika uchaguzi wa 2028. Kamati ya maendeleo ya hapo kwao inamtaka awe makamu wa rais. Na shefu wa kijiji cha jirani, ambako ana shamba lake la mahindi, amemwomba aje akae naye barazani, kwa sababu "wamama wanakusikiliza".

Akanipigia simu. "Mwanangu, weye umesoma. Nishike lipi?"

Nilimjibu palepale, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia ashike ukonseye, kwa kuwa ndicho kiti chenye jina na chenye sheria nyuma yake. Nilisahau miaka yangu miwili ya kuwa mtunza hazina wa foraje (kisima cha pampu) ya mtaa wetu, miaka iliyonifundisha kwamba jina la kiti na nguvu ya kiti ni vitu viwili vinavyokaa nyumba tofauti. Nimevipima upya vyote vitatu. Wapo wamama wengi wanaoulizwa maswali haya sasa hivi, wa Kasungami, wa Luwowoshi, wa Kisanga, wa vijiji vya teritware (wilaya) ya Kipushi, basi nayaweka hapa nao wayasome.

Kabla ya yote: nyumba yako iko wapi?

Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloondoa nusu ya ugumu. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya maeneo yenye kujitawala inataja manne: mji, komini ambayo ni sehemu ya mji, na za vijijini, yaani sekta na shefferi. Hayo ndiyo yenye baraza na bajeti yake. Kartiye (mtaa), avenyu (njia na nyumba zake), grupema (kundi la vijiji) na kijiji havimo. Vina wakubwa wake, vina mhuri, lakini havina mfuko wao kisheria wala baraza la kuchaguliwa.

Sasa, tarehe 20 Desemba 2023, siku ya kumchagua rais na wabunge, ndipo kwa mara ya kwanza chini ya katiba ya 2006 watu walipopiga kura ya makonseye wa komini. Na ilifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu. Lubumbashi ilikuwamo, pamoja na komini zake saba: Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, Kampemba, Ruashi na Annexe. Sekta na shefferi zote ziliachwa. Kwa hiyo mama wa Annexe na mama wa kijiji kilicho kilomita chache mbele yake, wanaokutana kila asubuhi kwenye soko moja, hawapiti mlango mmoja. Wa kwanza anaweza kuwania kiti cha konseye. Wa pili hana konseye wa kumchagua, seuze kuwa yeye.

Mama mdogo ana nyumba Annexe na shamba kijijini. Ndiyo maana ameitwa kotekote.

Kiti cha konseye

Nianze na kile kinachong'aa. Konseye anachaguliwa na watu moja kwa moja kwa miaka mitano. Baraza lake linapitisha bajeti ya komini na mpango wa maendeleo, linasemea masoko, usafi, mifereji, njia za ndani. Kwa sheria, baraza hilohilo ndilo linalomchagua burugumesta, mkuu wa komini, na msaidizi wake, na burugumesta naye anateua wasaidizi wawili wa utendaji akizingatia uwakilishi wa wanawake. Ibara ya 14 ya katiba inasema mwanamke ana haki ya uwakilishi wa usawa katika taasisi za taifa, za jimbo na za mitaa. Za mitaa zimetajwa waziwazi.

Mji wetu ulikuwa wa mbele katika kura za namna hii, na wanawake walikuwa wa nyuma kabisa. Desemba 1957, Élisabethville (Lubumbashi ya leo), Léopoldville (Kinshasa) na Jadotville (Likasi) ndiyo miji mitatu iliyoanza kupiga kura za komini. Waliopiga walikuwa wanaume wa miaka 25 na kuendelea. Bibi zetu walibaki na mbabula zao, majiko ya makala. Kura iliwafikia 1967.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo wamama wanapoliwa. Sheria ya uchaguzi ilivyorekebishwa Juni 2022 inasema orodha yenye wanawake angalau nusu inasamehewa dhamana ya kuweka wagombea. Nia ni nzuri. Lakini fikiria mkubwa wa chama anayehesabu matumizi: kila jina la mwanamke linamkaribisha kwenye msamaha. Kijana aliyekuja kwa mama mdogo hakuuliza anafikiri nini juu ya maji au barabara. Aliuliza karata ya uchaguzi na picha mbili.

Halafu kuna namna ya kuhesabu. Kura ni ya mtu mmoja ndani ya orodha. Kura zote za orodha zinajumlishwa kupata idadi ya viti, na viti vinakwenda kwa walioongoza ndani ya orodha hiyo. Maana yake ni hii: mama akileta kura 80 za wenzake wa likelemba (kikundi cha kupeana pesa kwa zamu) na wa kanisa, na bwana mmoja wa orodha hiyohiyo akapata 300 kwa kugawa vitambaa na chumvi, zile 80 zinamsukuma bwana kwenye kiti. Hazipotei, zinabadilisha mwenyewe. Tena orodha inatakiwa ifikishe 10% ya kura za eneo ili ihesabiwe kabisa. Mgombea huru, asiye na chama, anapaswa kuifikisha hiyo 10% peke yake. Nimewasikia wamama wakisema "mimi nitajisimamia mwenyewe, vyama ni vya waongo". Sawa, lakini piga hesabu ya mtaa wako kwanza.

Kwa hiyo maswali ya kukiuliza chama yako matatu tu. Nani mwingine yuko kwenye orodha ya eneo hili, na ana nguvu kiasi gani? Mtanipa shahidi wa kukaa katika kila kituo cha kura, au shahidi ni wa bwana mkubwa peke yake? Kampeni nailipia mwenyewe au tunalipa pamoja? Chama kikianza kuzungukazunguka kwenye swali la pili, umeshajua unaitwa kufanya nini.

Jambo moja la haki niliseme upande wa ukonseye: konseye hatolewi na mtu mmoja aliyeamka vibaya. Ana muhula. Ana kikao chenye karatasi ya mwito, na akisema neno linaandikwa. Tangu Sheria ya Familia ilivyobadilishwa Julai 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ile ruhusa ya mume iliyokuwa inamfunga mbele ya sheria. Mabwana wengine bado hawajapata habari hiyo, au wanajifanya hawajaipata.

Kiti cha kamati

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu watu wanapita haraka.

Kamati ya maendeleo ya mtaa au kijiji, wengine wanaiita CLD, haina mshahara wala gari, na jina lake halitangazwi redioni. Unaingia kwa kutajwa kwenye mkutano: mtu anasema "mama fulani", wengine wanapiga makofi, umeshaingia. Kutoka nako ni hivyohivyo. Udhaifu wake ndio huo.

Lakini tuko jimbo la Katanga ya Juu. Chini yetu kuna shaba. Sheria ya madini iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 imefanya mambo mawili ambayo kila mama anayekaa karibu na mgodi anapaswa kuyajua kama anavyojua bei ya mfuko wa makala. La kwanza: ushuru wa madini unagawanywa, na 15% inakwenda kwa eneo lenye kujitawala ambako mgodi upo, yaani komini, sekta au shefferi. Hiyo ni pesa ya meza ya komini. La pili ndilo linaloigusa kamati: kila kampuni inayochimba inaweka kando angalau 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa ajili ya miradi ya maendeleo ya watu wanaozunguka mgodi. Pesa hiyo inasimamiwa na chombo ambacho ndani yake wanakaa watu wa kampuni pamoja na wawakilishi wa jamii.

0.3% inasikika kama vumbi. Chukua mgodi unaouza dola milioni 100 kwa mwaka: 0.3% yake ni dola 300,000. Kwa kijiji ambacho watoto wanasomea chini ya mwembe, hiyo ni shule na kituo cha afya na visima, na bado kuna chenji.

Juu ya hayo, kampuni na jamii wanatia sahihi kwenye kaye de sharje, daftari la ahadi za miaka mitano: shule ngapi, maji wapi, barabara ipi, na lini. Kabla ya daftari kuandikwa, watu wanakusanywa waseme mahitaji yao. Na mahitaji yanategemea nani yuko kwenye viti. Wanaume wakikaa peke yao wanaomba barabara, uwanja wa mpira na jengo la ofisi. Sisemi hawana akili. Wanaomba kile kinachowakera wao. Kisima hakimkeri mtu ambaye hajawahi kubeba bidoni ya lita 20 kichwani akiwa na mtoto mgongoni. Chumba cha kuzalia chenye mlango na taa hakimjii kichwani mtu ambaye hajawahi kuzaa kwa mwanga wa simu.

Ndiyo maana, kwa mama anayekaa karibu na mgodi wa Kinsevere, au Kipushi, au Ruashi, kiti kwenye kamati inayoketi kujadili daftari hilo kinaweza kuwa kizito kuliko ukonseye. Kinaweza. Inategemea kiti gani ndani ya kamati, na hapa nina hadithi yangu.

Foraje ya mtaa wetu ilipochimbwa tulichagua kamati ya watu watano. Rais mwanaume, makamu mwanamke, katibu mwanaume, mshauri mwanaume, na mtunza hazina mimi. Wageni walifurahi: wanawake wawili kati ya watano! Tulipigwa picha. Kila bidoni ilikuwa franka 100. Nilikaa kwenye kibanda cha foraje na daftari la kurasa 96, mistari niliyochora kwa biki nyekundu: tarehe, bidoni, pesa, jumla. Jioni nilizifunga noti kwa mpira, kila elfu tano fungu moja, na kuzipeleka kwa rais, kwa kuwa yeye ndiye alikuwa na namba ya simu ambayo pesa ilitunziwa. Daftari langu lilikuwa safi. Hakuna siku hesabu ilikosa. Mwezi wa tisa pampu ikafa. Tukahitaji pesa ya fundi. Daftari lilisema ipo. Simu ya rais ikasema haipo. Na unajua watu walikuja kumuuliza nani? Mtunza hazina. Mimi ndiye nilikuwa na daftari, mimi ndiye nilipokea franka zao mkononi. Wiki tatu tulichota mtoni, na wiki tatu sikuweza kupita sokoni bila mtu kunikohoa.

Tangu hapo nimegawa viti vya kamati kwa namna yangu. Kiti cha makamu wa rais ndicho wanachopewa wanawake mara nyingi, na ni kiti cha picha: rais akiwa mzima na hajasafiri, makamu hana kazi. Mtunza hazina asiye na sahihi ni karani wa lawama. Mtunza hazina mwenye sahihi, kwamba pesa haitoki bila jina lake, huyo ana nguvu kuliko rais. Na katibu! Wanawake wengi wanakikataa kiti cha katibu wakisema ni kazi ya kuandika tu. Lakini anayeandika muhtasari wa kikao ndiye anayeamua kesho watu watakumbuka kuwa walikubaliana nini. Miradi ya kijiji imehamishwa kutoka mtaa hadi mtaa kwa kalamu ya katibu.

Na hapa wamama wetu wana ujuzi wasiouhesabu. Nenda kwenye kikundi chochote cha akiba cha wamama, utaona kisanduku cha bati chenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Kisanduku hakifunguki mpaka wote watatu wafike, na pesa inahesabiwa mbele ya macho ya kila mtu, kwa sauti. Huo ni utawala. Tunaufanya kila Jumapili kwa pesa ya sabuni, halafu tukiingia kwenye kamati yenye wanaume tunamwachia mtu mmoja simu yenye pesa ya mtaa mzima.

Mkeka wa shefu

Hapa nitapita haraka kidogo, kwa kuwa mlango huu haugongwi na kila mtu. Unafunguliwa kutoka ndani.

Shefu wa kimila anapatikana kwa mila ya mahali, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 inatambua hadhi yake. Kuzunguka Lubumbashi, kwa Balamba na Baushi kwa mfano, ukoo unafuata upande wa mama. Wageni wakisikia hivyo wanadhani wanawake ndio wanaotawala. Utawala unapita kwa mama, ni kweli, lakini mara nyingi unatua kwa kaka yake au kwa mtoto wa kiume wa dada. Mwanamke anakuwa daraja. Wapo wanawake waliokalia viti vya kimila wenyewe, na kwa Balunda jina la Ruweej, malkia wao wa kale, linatajwa hadi leo, lakini kwa mama mdogo wangu hilo si swali: hakuzaliwa katika ukoo huo. Yeye anaitwa kushauri tu.

Kushauri kuna faida gani? Ardhi. Kijijini, nani analima wapi, mjane anabaki na shamba au anafukuzwa, mgeni mwenye gari kubwa anauziwa kilima kipi, mambo hayo yanasemwa kwanza kwenye mkeka wa shefu, kabla karatasi yoyote haijafika mjini. Mama aliye pale anasikia mapema. Na kusikia mapema kijijini ni nusu ya ushindi: ukisikia baada ya trakta kufika umeshachelewa. Hasara yake ni kwamba huna muhula wala sahihi, na siku shefu akichoka nawe au akifa, mkeka unakunjwa. Pia, ukishakaa pale, watu wanaanza kukuona wewe ndiye sauti ya shefu, hata kwa yale usiyoyakubali.

Nisiwasahau wale wa katikati. Chefu wa kartiye ni mtu wa serikali, anateuliwa, hapigiwi kura. Mama asiye mtumishi wa serikali asipoteze muda kuutafuta. Uchefu wa avenyu ni rahisi zaidi kuupata, na wako wamama wanaoufanya vizuri sana: ndiye anayejua nani kahamia, nani kafiwa, nani anampiga mke wake. Kazi nyingi, pesa hakuna. Lakini kwa mtu anayetaka kujulikana kabla ya 2028, sijui shule nzuri kuliko hiyo.

Nikiviweka bega kwa bega

Kwa pesa, kamati iliyo karibu na mgodi inashinda, kwa sharti la sahihi. Konseye anapitisha bajeti, lakini bajeti ya komini ni maandishi mpaka pesa ifike. Katiba, ibara ya 175, inawapa majimbo 40% ya mapato ya taifa, na kila mwenye kufuata mambo haya anajua jinsi mgawo unavyochelewa njiani. Komini yenye mgodi ina ule ushuru wa 15%, na hapo ukonseye unapanda thamani ghafla: konseye wa Ruashi na konseye wa Kamalondo wana cheo kimoja, ila hawakai mbele ya sahani moja.

Kwa ulinzi wa kiti, konseye anashinda wote. Mwenye mkeka yuko wa mwisho.

Kwa muda, nilikuwa nadhani kamati ndiyo nyepesi. Sivyo. Kamati inaitana wakati wowote mtu mkubwa akipenda, na mara nyingi jua likizama, saa ambayo mama anawasha mbabula na watoto wanadai bukari. Hakuna aliyeandika kwamba wanawake wasije. Saa yenyewe inatosha kuwazuia. Kuanzia Novemba, mvua zikifika, mama wa shambani anatoka alfajiri na kurudi amechoka. Mkutano wa jioni wenye matope unamkuta amelala. Baraza la komini lina vikao vya mchana vyenye tarehe, na mama anaweza kumwachia mtu meza yake ya sokoni. Ukipewa kiti cha kamati, jambo la kwanza la kudai, hata kabla ya pesa, ni saa.

Kwa matusi, kila kiti kina yake. Ukiwa konseye watasema umemlalia mkubwa wa chama. Ukiwa kwenye kamati watasema unakula pesa. Ukikaa na shefu watasema uchawi. "Kuku jike hawiki" utaisikia kote. Tofauti ni umbali: matusi ya ukonseye yanatoka kwa watu usiowajua, kwenye WhatsApp, ya kamati yanatoka kwa jirani ambaye kesho utamwomba chumvi. Mimi ya jirani yaliniuma zaidi. Mwenzangu mmoja aliyegombea 2023 anasema ya WhatsApp ndiyo mabaya, kwa kuwa watoto wake waliyasoma. Kila mtu ajipime ngozi.

Majirani zetu wa Tanzania wamefunga jambo hili kwa namba. Kule kijiji chenyewe ni serikali: halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake hawapungui robo. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi, na baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Sisi tuna ibara ya 14 yenye maneno mazuri na sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ya kuitekeleza, lakini kijiji chetu hakina baraza la kuhesabia hao wanawake. Kwa hiyo mwanamke wa kijiji cha Kipushi, akisubiri kiti kilichotengwa kwa sheria hapo kijijini, atasubiri. Kiti chake cha kijijini kiko kwenye kamati, au hakipo.

Nani ashike nini

Kama nyumba yako iko ndani ya komini, una jina linalojulikana zaidi ya kanisa lako moja, na una pesa au watu wa kukubeba kwenye kampeni, ukonseye ni wako. Anza na uchefu wa avenyu sasa, na usitoe picha mbili kwa kijana yeyote mpaka ajibu yale maswali matatu. Kama wewe ni mtu wa hesabu, huna ulimi wa mikutano mikubwa lakini huna pia hofu ya kusema "hapana, risiti iko wapi", nenda kwenye kamati na udai hazina yenye sahihi au ukatibu. Umakamu wa rais ukatae kwa adabu. Kama una shamba kijijini na unaona magari yasiyojulikana yakianza kupita kupima ardhi, kaa kwenye mkeka wa shefu msimu huu, hayo mengine yatangoja.

Watu wananiuliza kama mtu anaweza kushika viwili. Mkeka na kamati vinakaa pamoja bila shida. Konseye na kamati, hapana: siku kamati itakapotaka kuiuliza komini pesa ya mgodi imekwenda wapi, utakuwa unajiuliza mwenyewe.

Mama mdogo nilimrudia Jumapili iliyofuata, nikakaa naye nje, akipepeta unga. Nilimwambia nimebadili neno langu. Akacheka, akasema alikuwa hajanifuata hata hivyo. Alikuwa ameshaijibu kamati: umakamu hautaki, anataka hazina, namba ya simu ya pesa ifungwe na iwekwe akaunti ya sahihi tatu, mbili za wanawake, na jumla isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi mbele ya foraje, watu wakiwa kwenye foleni na bidoni zao.

Wamekubali hazina. Wamekubali sahihi tatu, baada ya mabishano. Kusoma kwa sauti wanasema watafikiri. Kikao cha kumaliza jambo hilo wamekiweka Alhamisi, jua likizama. Amewatumia neno kwamba saa hiyo atakuwa anageuza bukari, na kwamba wakihamishia Jumapili baada ya misa, atakuja na wamama arobaini.

Mpaka naandika hapa, hawajajibu.